Ukuta wa Upande wa Mvua

Machi 2

Nimeanza kuandika kwa sababu hapa hakuna wa kuzungumza naye isipokuwa kuku, na kuku wenyewe wana dharau. Shule sikuikanyaga. Herufi nilifundishwa na marehemu mume wangu, kwa kidole, juu ya udongo mbichi, tulipokuwa tukifinyanga majiko. Tukikosea tunafuta kwa kiganja chenye maji. Kwenye karatasi hakufutiki hivyo, basi nitakachokosea kibaki kilivyo.

Mwanangu alikuja jana kuutazama ukuta. Nyumba hii tuliijenga mimi na baba yake: fito, udongo, bati juu. Kuta tatu hazina neno. Wa nne ndio unaopokea mvua. Mwanangu aliuzunguka, akaugonga kwa vifundo vya vidole kama daktari anayegonga kifua cha mzee, kisha akasema, "Mama, huu ukianguka msimu huu, unahamia kwangu. Sitaki maneno."

Nikamwambia usipoanguka, yeye ndiye asilete maneno. Akakubali. Kwa hiyo ndivyo tulivyopatana: mvua ikiisha ukuta umesimama, nabaki kwangu. Ukilala, nakwenda kukaa kwenye vyumba vyake vya saruji, juu huko ghorofani, ambako hata mahali pa kumwagia maji ya kunawia miguu hakuna.

Machi 5

Ameniletea mkewe. Yeye anaondoka na lori lake, hatarudi mpaka mvua ziishe, na huko anakokwenda simu hazishiki. Hataki nikae peke yangu. Nikamwuliza kama amemleta anitunze au anichunge. Akacheka, akapanda lori lake akaenda zake.

Mkamwana wangu ameshuka na begi moja, ndoo yake mwenyewe na fagio lake mwenyewe. Kwani hapa tunafagia kwa mikono?

Machi 6

Amefagia.

Machi 7

Amefagia tena.

Machi 9

Huyu binti kazi yake ni udobi. Analipwa kuutoa udongo kwenye nguo za watu, halafu analetwa akae na mtu anayeishi kwa kuukanda. Mwanangu hakufikiri. Hajawahi kufikiri sana, moyo wake ni mzuri tu.

Kwake yeye kila kitu ni uchafu. Udongo wa kucha zangu, uchafu. Majiko yanayokauka sebuleni kwa sababu nje kuna mvua, uchafu. Leo nimemwambia: udongo huu ukiwa shambani unauita ardhi, ukimea mahindi unauita baraka, ukiingia kwenye kiatu ndipo unageuka uchafu. Umekosa nini njiani? Aliinama akapangusa. Ana adabu ya kuudhi. Bora mtu akujibu vibaya ujue yupo.

Siku tulipomzika mume wangu kila mtu alichota udongo kwa mkono akautupa kaburini. Wenye nguo nyeupe walichota, wenye viatu vya kung'aa walichota. Hakuna aliyesema uchafu. Kisha wakanawa kwenye ndoo moja, maji yakawa mekundu, akaja mtu akayamwaga kwenye majani. Niliyatazama yalivyokuwa yakizama ardhini. Wenzangu walidhani natazama watu.

Machi 13

Mvua. Nimelifunga turubai upande wa ukuta na kuchimba mfereji. Kiuno hakiniulizi tena ruhusa ya kuuma.

Machi 14

Mvua.

Machi 17

Jirani yangu fundi cherehani alipita, kajifunika mfuko wa plastiki kichwani. Ndiye anayeniita Bibi Majiko, na mtaa mzima umemfuata. Alimwona mkamwana akipangusa kizingiti akasema, "Bibi Majiko, mwaka huu utaingia kwenye nyumba yako mwenyewe kwa kibali." Nikamrudishia dongo lake: nyumba yangu inapanguswa, wewe hata nyuzi za juzi ziko sakafuni kwako. Tukacheka. Mkamwana hakucheka. Fundi alipoondoka nyumba ikanyamaza kama mtu aliyefungiwa.

Tunakula pamoja tukitazama sahani. Wakati wa mvua hakuna anayenunua jiko, hakuna anayegonga mlango. Zamani kimya cha nyumba hii kilikuwa changu, nilikijua kinakaa wapi. Sasa kimya ni cha watu wawili na ni kizito zaidi.

Machi 24

Nimeingia chumbani kwake kutafuta blanketi la akiba. Chini ya ukuta, nyuma ya kichwa cha kitanda, kuna unga wa udongo. Kidogo, kama wa mbao iliyotobolewa. Ni ule ule ukuta wa mvua, kwa ndani. Nimepaka majivu nikidhani ni mchwa. Ukuta ule tuliusiriba kwa udongo wa kichuguu, nao mchwa hawasahau kwao.

Ila jambo moja limenishangaza. Mtu anayefagia mpaka mawazo yake, mbona hakuuona?

Machi 29

Si mchwa. Shimo limekuwa la kuingia ngumi. Nimeweka mtego wa panya.

Machi 31

Mtego umekamata kiatu changu mwenyewe.

Aprili 3

Siku hizi mkamwana hali. Anasogeza maharage upande huu, anayarudisha upande ule, kisha anasema ameshiba, asante mama. Ameshiba nini? Nimeikagua sufuria yangu. Nimeikagua mikono yangu. Najua anachowaza: bibi huyu anakanda udongo halafu anakanda unga. Nimekanda vyote kwa miaka yangu yote na nimelea mtu akawa na mabega ya kuendesha lori.

Nimekula sehemu yake na yangu, nikalala na tumbo limejaa na hasira imejaa.

Aprili 8

Shimo linakua. Nililiziba juzi kwa udongo mzito, leo limefunguliwa. Fundi cherehani alikuja kuliona wakati mkamwana yuko bombani. Alichungulia, akasonya, akasema, "Panya gani huyu asiyeacha kinyesi?" Akaongeza taratibu kwamba mtu akitaka ukuta ulale, haanzii nje watu wanakoona.

Nilimwambia arudi kwenye cherehani yake. Akarudi. Lakini neno lake halikurudi naye, limebaki linazunguka humu ndani.

Aprili 11

Leo nitaandika kirefu maana nisipoandika nitavunja kitu.

Nilipoona anakwenda kuteka maji niliingia chumbani kwake, nikainua godoro. Kulikuwa na kijiko. Kijiko cha chai, cha kwangu, nilichokuwa nakitafuta tangu mwezi uliopita. Kimepinda shingo na kina udongo mkavu. Nikakaa kitandani. Mvua ilikuwa inagonga bati, nami nikakaa na kile kijiko mkononi mpaka nikamsikia anatua ndoo.

Nilikwisha kuyapanga yote kichwani. Mwanangu hana ubavu wa kunitoa humu, basi amemtuma mkewe. Anachimba kwa ndani, mvua inachimba kwa nje, siku moja wanakutana katikati. Bibi anafungwa virago, watu wanasema maskini, ukuta umemwangukia. Na ndiyo maana hafagii pale. Anafagia kote ili nisitazame pale.

Akaingia. Nikamwonyesha kijiko. Rangi ilimtoka usoni.

Nikasema, "Nyumba hii nimeijenga na mume wangu. Wewe unaibomoa kwa kijiko changu cha chai?"

Nikamwambia mambo ambayo karatasi haitayabeba. Nilimwambia anaosha nguo za watu lakini uchafu wake uko pasipofika sabuni. Nilimwambia tangu aolewe na mwanangu hajaniletea hata sauti ya mtoto ndani ya nyumba, na sasa anataka kuichukua nyumba yenyewe. Hilo la mwisho lilitoka kabla sijalishika.

Hakulia. Angelia ningenyamaza. Alichukua begi lake chini ya kitanda akaanza kukunja nguo moja moja, pembe kwa pembe, kama za wateja.

Nikamwambia mumewe akirudi amsalimie.

Aprili 12

Hakufika popote. Daraja la chini limefunikwa na maji, hakuna gari linalopita. Aliondoka alfajiri, asubuhi hiyo hiyo akarudi, akaketi sebuleni karibu na mlango, begi miguuni, nguo zimelowa mpaka mapajani. Mimi nikakaa upande wa pili nasugua jiko lisilohitaji kusuguliwa. Katikati yetu majiko mengine yamepangwa mistari yanasubiri jua.

Mvua ndiyo iliyokuwa inazungumza, na ilikuwa na mengi.

Basi nikawa namtazama kwa pembe ya jicho, maana mtu unayemchukia lazima umtazame. Macho yake yalikuwa nje kwenye maji. Mkono wake ulikuwa umelala juu ya jiko lililo karibu naye. Vidole vikawa vinatembea ukingoni, taratibu, kama vya kipofu. Vikavunja kipande, kidogo hivi, cha ukubwa wa kunde. Vikakipeleka mdomoni. Akatafuna huku bado anatazama mvua. Akafumba macho.

Jamani.

Nilimwona akimeza. Halafu vidole vikarudi kutafuta kingine, na hapo ndipo yeye mwenyewe akajiona. Akautoa mkono kama aliyegusa moto. Akanigeukia. Sijawahi kuona aibu ya namna ile usoni pa mtu mzima.

Mimi nikaangusha jiko. Likavunjika. Nilipokuwa na mimba ya mwanangu nilikula kingo za majiko mpaka marehemu akauliza kama siku hizi tunafinyanga sahani. Ule udongo wa kichuguu ukilowa kidogo tu, unakuita kwa jina lako. Mimi mwenyewe nililijua hilo kwa ulimi wangu, na nikaweka mtego wa panya.

Nikamwuliza, "Ina miezi mingapi?"

Akasema anadhani mitatu na kitu. Nikamwuliza mumewe anajua? Akatikisa kichwa. Nikamwuliza kwa nini hakuniambia mimi, na hapo ndipo aliponitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu aletwe.

"Ya kwanza nilikwambia, mama. Kabla sijamaliza chai yangu fundi cherehani alishakuja kunipima gauni la uzazi. Ilipotoka, mtaa mzima ulinipa pole. Kila mtu. Hata mwuza mkaa. Ya pili nikamwambia mwanao peke yake, akalia kuliko mimi. Hii nikasema niibebe mwenyewe mpaka ijibebe."

Alisema hivyo bila hasira, kama anayeeleza doa limetokana na nini.

Akaniambia usiku wa kwanza hapa mvua iliponyesha, ukuta ulinukia, akalala na pua imeugusa. Siku ya pili akaulamba. Akajichukia. Yeye ambaye hawezi kula kwa kijiko kilichodondoka chini! Ndiyo maana alikuwa anafagia, anafagia, anafagia. Na mahali pale hakupafagia kwa sababu kile kilichodondoka pale alikuwa anakiokota.

Nikainuka. Magoti yalilia. Nikakaa chini pembeni yake, juu ya udongo wa jiko lililovunjika. Nikamwambia avue zile nguo mbichi.

Aprili 13

Nimemtazama kope kwa ndani. Nyeupe kama ganda la yai. Mdomo umepauka. Tangu lini? Nilikuwa nakaa naye meza moja nikitazama sahani.

Aprili 15

Maji ya daraja yameshuka, tumekwenda zahanati. Nesi ni msichana mdogo mwenye sauti ya jemadari. Alimpima damu, akasema ni kidogo mno, na udongo ndio unaozidi kuila. Una minyoo, unafunga tumbo, unazuia chakula kufanya kazi yake. Amempa vidonge vya damu na vya minyoo. Akasema, "Damu isipopanda, mimba hii sina uhakika nayo. Udongo marufuku. Hata punje." Kisha akanigeukia akaniuliza mimi ni nani wake.

Nikasema mama yake.

Mkamwana aliangalia sakafu. Lakini hakukataa.

Njiani nimemwapia kwamba mdomo wangu umefungwa. Fundi cherehani alitupungia mkono akiwa dirishani, akaniuliza tunatoka wapi. Nikamwambia tumekwenda kuninunulia dawa ya kiuno. Hilo neno la kweli lilinikaa kooni kama mfupa mpaka nyumbani, lakini sikulitoa.

Aprili 16

Amejaribu. Mchana kutwa amekaa mbali na ukuta. Jioni nimemkuta amesimama mbele yake, mikono nyuma, kama mtoto mbele ya duka.

Nimefikiri kumhamishia chumbani kwangu. Lakini kwangu nako ni udongo. Nyumba yote ni udongo! Nimemjengea mlevi nyumba ya pombe. Kwenye saruji ya mumewe angepona kwa siku tatu. Nimewaza jambo hilo nikaliweka pembeni, likarudi, nikaliweka tena. Kumpeleka kule ni kuuacha ukuta peke yake na mvua, na ukuta huu usipokuwa na mtu wa kuukanda kila siku haumalizi wiki.

Aprili 17

Shubiri! Nimelala bila akili nikaamka nayo. Mwanangu alipokataa kuacha ziwa, akiwa na meno mdomo mzima, nilijipaka shubiri. Alinyonya mara moja akanitazama kama nimemwibia.

Nimekata majani yote ya shubiri yaliyo nyuma ya choo, nimeyaponda, nimeyachemsha mpaka macho yanatoka machozi. Nimekandia udongo kwa maji hayo. Nimeziba shimo kwa ngumi, tabaka baada ya tabaka, kisha nikasiriba ukuta wote kwa ndani, kuanzia sakafuni mpaka mikono ilipokomea. Kesho chumba changu. Halafu sebule. Majiko yenyewe nimeyapaka kingo. Mteja atakayelamba jiko langu shauri yake.

Mkamwana alinitazama kutoka mlangoni. Akaniuliza kwa nini ni kijani. Nikamwambia ni urembo.

Aprili 19

Leo kabla ya chai nimesikia mtu anatema mate. Anatema, anasukutua, anatema tena. Akatokea sebuleni ulimi uko nje, machozi yanamtoka.

"Mama," akasema, "umeniachisha ziwa."

Akacheka. Sijawahi kusikia kicheko chake. Kina mkwaruzo, kama cherehani iliyokosa mafuta. Nikacheka mpaka nikashika ukuta, na mkono wangu ukawa mchungu siku nzima.

Aprili 26

Dhoruba. Ilianza baada ya chakula cha mchana. Upepo uliling'oa turubai, ukalipeleka kwenye paa la fundi cherehani, na mvua ikaanza kuupiga ukuta waziwazi. Nikasikia kwanza ule mlio, kama mtu anayemeza. Udongo wa nje ulikuwa unashuka vipande vipande. Pale palipokuwa na shimo, fito zikaonekana.

Nilitoka na ndoo ya udongo. Kila konzi niliyobandika mvua iliichukua. Nilibandika, ikachukua. Nilimtukana mume wangu kwa kufa kabla hajaweka kipenu upande huu. Nilikuwa nalia, nadhani, ila kwenye mvua hakuna anayekudai maelezo.

Nikageuka nikamwona mkamwana ndani ya banda la udongo. Nguo kaifunga juu ya magoti. Yuko kwenye shimo la kukandia, anakanyaga. Yeye! Matope yamefika kwenye mapaja. Nikamfokea arudi ndani, anataka niseme nini kwa nesi? Akajibu kwa sauti kubwa kuliko yangu kwamba kutembea nesi hakukataza, na hapa anatembea tu, mahali pamoja.

Akaweka majani makavu mengi kwenye tope, mengi kuliko ninayowekaga mimi, likawa zito. Akaniambia niloweke magunia kwenye uji ule wa udongo, niyapigilie kwenye fito kwa misumari, kisha nibandike juu yake. Nguo nzito ikilowa udongo, alisema, haiutoi tena, yeye ndiye ajuaye, vidole vyake vimechubuka kwa kujaribu.

Tulifanya hivyo. Mimi nilipigilia, yeye alikanyaga. Fundi cherehani akaja na turubai letu na ngazi, akashika upande wa juu, mara hii bila neno. Giza lilipokaribia, mvua ilikuwa inaupiga ukuta na ukuta ulikuwa unaikataa.

Nimemwosha miguu mkamwana kwa maji ya moto. Alisema atajiosha. Nikamwambia anyamaze. Udongo ulikuwa katikati ya vidole, kwenye kucha, kwenye visigino. Alikuwa anautazama unavyotoka. Hakuuita uchafu.

Aprili 27

Hana damu, hana maumivu. Nimemuuliza mara ngapi sijui. Amesema nikimuuliza tena atarudi kwenye ukuta, shubiri na vyote.

Mei 3

Anakula. Maharage, mboga, mayai ya wale kuku wenye dharau. Anakula kama anayelipiza kisasi.

Mei 10

Nesi amemtazama macho akasema damu inapanda. Mimi nikasema alhamdu yangu kimoyomoyo na kwa sauti nikamwambia nesi apunguze ukali.

Ananifulia gauni langu la kazi. Anasema doa la udongo usilikimbilie likiwa bichi. Liache likauke, likung'ute, ndipo ulete maji. Ukiliharakisha linazama ndani. Nimefua miaka yote nikiliharakisha.

Mei 18

Mtoto amecheza. Ameushika mkono wangu akauweka pale. Mkono wangu una nyufa na udongo hautoki humo hata ufanyeje. Aliuacha pale muda mrefu.

Mei 19

Fundi cherehani amesema mkamwana wangu amenenepa, mvua imemkubali. Nikamwambia ni maharage. Naona tumbo lenyewe sasa linajisemea, lakini kwangu halitasikika.

Mei 27

Mwanangu amerudi. Jua limetoka siku nne mfululizo na yeye nyuma yake. Alianzia kwenye ukuta kabla ya salamu. Aligonga nje, akaingia, akagonga ndani, akauliza ule uvimbe pale nyuma ya kitanda ni wa nini.

"Panya," nikasema.

Mkamwana akafunika uso kwa upande wa nguo. Mabega yalikuwa yanatikisika. Mwanangu akatutazama mmoja mmoja, hakuelewa kitu. Ndipo mkewe akasimama vizuri mbele ya dirisha, mwanga ukampiga kwa upande, na akaelewa yote isipokuwa panya.

Sitaandika alivyolia. Ni mtu mzima, ana lori.

Baadaye aliniambia ukuta umesimama, mama, umeshinda, baki. Akasema hivyo kama anayenipa zawadi. Nikasema asante.

Mei 29

Wameondoka. Kule kuna hospitali karibu na hakuna udongo wa kumtania, mimi mwenyewe ndiye niliyesema hivyo. Mwanangu aliniuliza tena kama sitaki kwenda nao. Nikamwuliza nani atakanda majiko. Mkamwana hakuniuliza. Anajua kwamba angeniuliza yeye, ningepanda.

Ameniachia fagio lake.

Mei 30

Nimefagia.

Juni 2

Nimefagia. Majiko yamekauka, wateja wanakuja, wanasalimu, wanachagua, wanaondoka. Nilichokuwa nakipigania miezi yote hii ninacho. Nimekizunguka leo nikakitazama: kuta nne, bati, mimi. Nimepika maharage ya watu wawili kwa mazoea. Nimekula na kutazama sahani.

Juni 6

Amenipigia simu. Si kwa jambo la hospitali, mtoto hajambo, damu haina neno. Akaniambia huko kwao jana kimenyesha kijimvua cha kuagia. Amefungua dirisha, ametoa kichwa nje. Saruji hainukii kitu, mama. Inalowa tu.

Nikamwambia marufuku ni kula. Kunusa nesi hakukataza. Akasema ndiyo, lakini anuse nini?

Nikamwambia asikate.

Nikachota maji kwenye ndoo yangu, bakuli kubwa lililojaa. Nikatoka nje nikasimama mbele ya ukuta. Msimu mzima nimeufunika ukuta huu, nimeuchimbia mfereji, nimeupigilia magunia, nimeulilia ili tone lisiuguse. Umekauka vizuri sasa, umekuwa na rangi ya mkate. Nikaurushia maji yote.

Ukanywa kwa mlio. Harufu ikainuka palepale, ile yenyewe, ikanijia puani nikamwona mume wangu, nikamwona mwanangu ana meno mawili, nikaiona miguu ya mkamwana ndani ya tope. Nikaisogeza simu ukutani kabisa, karibu na pale palipolowa, nikaishikilia hapo kama mjinga, mtaa unanitazama, fundi cherehani kaacha kushona.

"Unasikia?" nikamwuliza.

Nilisikia pumzi yake ikiingia, ndefu, kama ya mtu anayepanda kutoka chini ya maji.

"Nasikia, mama," akasema. "Mwagia tena."

Nikaenda kuchota.